Mwendo na Nguvu: Habari za Gia katika Nchi ya Singida

Watu wengi hudhani ya kuwa mwendo wa chombo ni tunda la injini peke yake. Asifuye gari husema injini yake ni kubwa, na alaumuye gari husema injini yake imechoka. Dhana hii ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Nguvu ya injini ni kama mtaji wa mfanyabiashara: faida yake haijulikani mpaka ionekane imetumiwa kununua nini. Kwa mtaji ule ule mtu aweza kununua mwendo, au aweza kununua mvuto wa kupandia mlima na kuchukulia mzigo. Lakini hawezi kununua vyote viwili kwa ukamilifu wakati mmoja. Kiamuacho ununuzi huo ni gia, yaani magurudumu ya meno yakaayo kati ya injini na tairi, pamoja na klachi iyaunganishayo na kuyatenga. Historia ya usafiri katika nchi ya Singida ni historia ya uamuzi huo. Nayo yaonyesha ya kuwa gia si shauri la fundi na mashine yake tu, bali ni mapatano baina ya mashine na ardhi. Na mapatano hayo yavunjwapo, mlipaji ni binadamu.

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Singida iko juu ya uwanda wa kati wa Tanzania. Mtu ajaye kutoka pwani hupita Dodoma na tambarare za Bahi, kisha hukutana na ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Saranda na Kilimatinde. Akiupanda hufika Manyoni, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya meta 1,200. Kutoka hapo nchi hunyooka mwendo mrefu, yenye vichaka, majabali makubwa ya matale na maziwa ya magadi kama Singidani na Kindai. Lakini aendaye upande wa Nzega na Mwanza hufika ukingo wa pili, penye mlima wa Sekenke, ambapo uwanda wa Iramba humwangukia ghafula bonde la Wembere. Basi nchi hii ina tambarare inayomwita msafiri akimbie, na ina kingo mbili zinazomlazimisha aende polepole. Chombo kilichotengenezwa kwa hali moja tu huaibika katika hali ya pili.

Watu walilijua jambo hili kabla gurudumu halijafika. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka Ugogo, ikaupanda ukingo, ikaingia Mgunda Mkali, lile pori kubwa lenye maji haba lililotenga Ugogo na Unyamwezi. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Kwa kawaida safari ilianza alfajiri na kukoma kabla jua halijawa kali. Porini pasipo maji desturi hiyo haikufaa. Hapo palifanywa tirikeza, yaani kuondoka mchana, kwenda hata usiku, kulala bila maji mapya na kuyafikia maji siku ya pili. Richard Burton, aliyeipita njia hiyo mwaka 1857, aliandika habari za mwendo huo. Nguvu za mpagazi zilikuwa zile zile za jana, na mzigo ulikuwa ule ule. Kilichobadilishwa ni mpango wa kuzigawa nguvu hizo juu ya ardhi. Na kiongozi aliyekosea mpango aliwapoteza watu.

Baadaye ilikuja reli. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni meta moja, nayo ilifuata njia iliyokaribiana sana na ile ya misafara: Bahi, Saranda, Manyoni, Itigi. Ukuta uliowatoa jasho wapagazi sasa ulikabiliwa na chuma.

Garimoshi la mvuke halina gia za kubadilisha. Fimbo za pistoni hushikamana na magurudumu moja kwa moja, hata pistoni iendapo na kurudi mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja. Kwa hiyo gia ya garimoshi ni ukubwa wa gurudumu lenyewe, na gia hiyo huamuliwa kiwandani siku mashine izaliwapo. Gurudumu lenye kipenyo cha meta 1 husonga meta 3.14 kila lizungukapo. Lenye kipenyo cha meta 1.4 husonga karibu meta 4.4. Yakizunguka yote mara 200 kwa dakika, la kwanza huenda karibu kilometa 38 kwa saa, na la pili karibu kilometa 53. Lakini kwa pistoni zile zile na mvuke ule ule, mvuto wa la pili hupungua kutoka sehemu 100 hadi sehemu 71. Mwendo umepatikana, na bei yake imelipwa kwa mvuto.

Ndiyo maana mashine za nchi mbalimbali hazikufanana. Mallard, garimoshi la Uingereza lililofika kilometa 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, lilikuwa na magurudumu ya kuendeshea yenye kipenyo kipatacho meta 2, tena liliipata rekodi hiyo katika mteremko mdogo wa reli. Mashine za Garratt za daraja la 59, 34 kwa idadi, zilizoletwa Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956 kwa njia ya Mombasa hadi Nairobi, zilikuwa na magurudumu ya meta 1.37 tu, ijapokuwa kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi. Reli ya kati ya Tanganyika ilitumia Garratt zilizo nyepesi kuliko hizo. Mtu aliyezilinganisha kwa mwendo peke yake angesema Waingereza walijiwekea mashine bora wenyewe na kutuma Afrika zilizo dhaifu. Hiyo isingekuwa hukumu ya haki. Mallard lingepelekwa Saranda na kufungiwa mabehewa ya mizigo, magurudumu yake makubwa yangezunguka mahali pamoja yakisaga chuma.

Mashine za dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke, kanuni haikubadilika, bali ilijificha. Katika mashine hizo injini huzalisha umeme, umeme huzungusha mota, na mota huizungusha ekseli kwa magurudumu mawili ya meno. Uwiano wa meno hayo ndio mpaka wa mwendo. Katika mashine za General Motors za Marekani, zile za mizigo aghalabu zilipewa meno 62 kwa 15, na zile za abiria wa mwendo wa kasi meno 57 kwa 20. Uwiano wa kwanza ni kama 4.1 kwa 1, na wa pili ni kama 2.9 kwa 1. Injini yaweza kuwa ile ile. Meno machache ndiyo yaliyogawa kazi, moja ikapewa tani na nyingine ikapewa saa.

Mbali na reli, watu wa vijijini walikutana na gia kwa njia ya baiskeli. Baiskeli ya Raleigh, na baadaye Phoenix ya China, ilikuwa na gia moja tu. Ichukuliwe kwa mfano baiskeli yenye meno 48 mbele na 18 nyuma, na tairi lenye mzingo wa meta 2.2 hivi. Kila mzunguko wa pedeli huipeleka karibu meta 5.9. Mtu akikanyaga mara 60 kwa dakika huenda kilometa 21 kwa saa. Sasa meno ya nyuma yakiwekwa 22, mzunguko ule ule humpa meta 4.8, na mwendo wake hushuka hadi kilometa 17 na kitu. Lakini kila kanyago la mguu hupata mvuto uliozidi kwa zaidi ya sehemu 20 katika 100. Kwa kijana aendaye sokoni mikono mitupu hesabu hiyo ni hasara. Kwa mtu aliyefunga gunia la mtama au la alizeti nyuma, ndiyo tofauti kati ya kupanda na kushuka akaisukuma.

Pikipiki iliyafuata mambo haya haya kwa kelele zaidi. Tangu kanuni za leseni za mwaka 2010 ziutambue usafiri wa bodaboda, pikipiki ndogo zimeenea Singida mjini, Manyoni, Kiomboi na vijiji vya pembeni. Vijana wengi wameijifunza hila moja ya mafundi: kulitoa gurudumu dogo la meno la mbele, liitwalo sproketi, na kuweka lililozidi jino moja ili pikipiki ikimbie zaidi. Yafaa hila hii ipimwe kwa hesabu. Tuseme pikipiki ina meno 14 mbele na 42 nyuma, na mwendo wake wa mwisho ni kilometa 80 kwa saa. Meno ya mbele yakiwa 15, injini ikizunguka vile vile, mwendo utakuwa karibu kilometa 86. Karatasini faida ni kilometa 6 kwa bei ya kipande kidogo cha chuma.

Lakini barabara haikuandikwa karatasini. Kizuizi kikubwa cha chombo chepesi kiendacho mbio ni hewa, na nguvu ihitajiwayo kuishinda hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kuongeza mwendo kwa sehemu 7 katika 100 hudai nguvu zaidi kwa sehemu 23 katika 100. Sproketi haina nguvu hata chembe ya kutoa. Ni mgawaji tu. Ikiwa injini ilikuwa na akiba, yaani ilizidi kuzunguka kupita mahali penye nguvu yake kubwa, mpanda pikipiki atafaidika. Ikiwa haikuwa na akiba, mzunguko utashuka, nguvu itashuka pamoja nao, na pikipiki itakwenda polepole kuliko jana. Hapo mpandaji hustaajabu kuona gia ya tatu inakimbia kuliko ya nne. Na Singida ni nchi ya pepo kali, hata wataalamu wamekuwa wakizipima kwa nia ya kuzalisha umeme. Mwenye kukabili upepo wa kilometa 20 kwa saa huku akienda 80, huikata hewa kana kwamba anakwenda 100. Sproketi iliyosifiwa asubuhi wakati wa utulivu hulaaniwa alasiri. Tena mwenye pikipiki huongeza abiria wawili na gunia, akaiendea njia ya mlima. Klachi huteleza, huungua, na faida ya mwezi huishia dukani kwa muuza vipuri.

Basi gia ifaayo kwa mwendo wa mwisho si ile iliyo ndefu kuliko zote. Ni ile ifanyayo kizuizi cha hewa na nguvu kuu ya injini vikutane katika mzunguko mmoja. Jambo hili limechunguzwa kwa bidii hata katika nchi za baridi zisizofanana na Singida kwa lolote. Huko Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, Joseph-Armand Bombardier alianza mwaka 1959 kuuza chombo kidogo cha kupitia juu ya theluji, kilichoitwa Ski-Doo. Vyombo vya namna hiyo havina gia za kuhesabika. Vina mkanda wa mpira upitao kati ya kapi mbili, na kila kapi ina mabamba mawili yawezayo kukaribiana na kuachana. Injini izungukapo kwa kasi, vizito vidogo katika kapi ya mbele hutupwa nje na kuyabana mabamba, mkanda ukapanda juu, na chombo kikaongeza mwendo. Springi huzuia jambo hilo lisitokee mapema. Mkanda wa kanuni kama hiyo ulitumiwa na kiwanda cha DAF cha Uholanzi katika motokaa yake ya mwaka 1958, na leo umo katika skuta nyingi za miji ya Afrika Mashariki.

Mafundi wa vyombo vya theluji watakao mwendo mkubwa huyafanya mambo mawili kwa taratibu. Kwanza huchagua vizito na springi mpaka injini ikae katika mzunguko wa nguvu yake kuu tangu mwanzo wa mbio hata mwisho. Vizito vikizidi, injini hukabwa; vikipungua, injini hulia bila kwenda. Baada ya hapo tu ndipo hubadili meno ya mnyororo uendao kwenye mkanda wa chini. Anayeanza na meno kabla ya klachi hajui analolipima. Kijana wa Singida na fundi wa Quebec hawajaonana, lakini wanafanya hesabu moja. Tofauti yao ni kwamba wa pili aghalabu hukimbilia ziwa lililoganda, lililo sawa kama meza, ambapo mlima haumo katika hesabu.

Afrika Mashariki ilipata mapema ushahidi ulio wazi katika mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 na kujulikana baadaye kama Safari. Njia zake zilipita vumbi, matope na milima ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mshindi mwaka huo alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Miaka ya 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, katika gari la aina hiyo hiyo. Na mwaka 1968, Nowicki aliposhinda tena, waliomaliza walikuwa 7 vile vile. Peugeot 404 haikuwa gari lenye mbio kuliko yote yaliyoshindana. Lilikuwa gari lililokubaliana na nchi.

Mahali ambapo mapatano haya hugeuka kuwa shauri la uhai ni Sekenke. Barabara ile huchukua malori yaendayo Mwanza, Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Waswahili husema mpanda ngazi hushuka, na kwa dereva wa lori kushuka ndiko kuliko na hatari kubwa. Lori la tani 50 lishukapo kimo cha meta 100 hutoa nishati iwezayo kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji baridi. Nishati hiyo haina budi kwenda mahali. Dereva akiweka gia nzito, injini huzuiliwa kukimbia na kuila sehemu kubwa ya nishati hiyo, na breki husaidia tu. Akiitoa gari katika gia ili aokoe mafuta na dakika chache, nishati yote huangukia breki. Breki hupata moto, hupoteza mshiko, na dereva akitaka kurudisha gia huikuta haiingii tena, kwa kuwa magurudumu yamekwisha kuzidi mwendo wa injini. Kutoka hapo lori halina mwenyewe. Dereva huyo hakukosa nguvu. Alikuwa nazo zaidi ya kiasi. Alichokosa ni kitu cha kuzigawa.

Hata hivyo haifai kumlaumu dereva peke yake. Aliyempangia saa za kufika, aliyempa mafuta ya kupimia, na aliyeongeza mzigo juu ya kipimo, wote wameshika mkono mmoja wa gia ile. Mwendo wa lori huamuliwa mezani kabla haujaamuliwa mlimani, lakini anayepanda na kushuka ni mmoja.

Kuna shauri jingine, nalo ni kuibadili nchi yenyewe badala ya gia. Ndilo lililofuatwa katika reli mpya ya Tanzania, yenye upana wa milimeta 1,435, iendeshwayo kwa umeme na kukadiriwa kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kipitacho nchi ya Manyoni na Itigi, ulitiwa sahihi Desemba 2021. Wajenzi wa reli ya kwanza waliifuata ardhi kwa kupinda. Wajenzi wa hii huikata ardhi, huijaza na kuitoboa, ili mlima ushuke mpaka gia ndefu iweze kuupanda. Mwendo huu nao umenunuliwa, ila bei yake haikulipwa kwa mvuto. Imelipwa kwa saruji, chuma na mikopo ya taifa zima.

Lakini taifa pekee ndilo liwezalo kununua namna hiyo. Mwenye lori hawezi kuushusha Sekenke, wala mwenye bodaboda hawezi kuutuliza upepo wa Singida. Kwao ardhi ni neno la mwisho, na meno ya chuma ndiyo jibu. Ndiyo maana kanuni ya madereva wa zamani, ifundishwayo kwa maneno machache kuliko kitabu chochote cha ufundi, ingali na nguvu juu ya mlima ule: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.